Kubomoa darasa la zamani na kujenga litakalohimili tetemeko: mwongozo kwa kamati za shule Nyanda za Juu Kusini

Kama uko kwenye kamati ya shule Rungwe, Mbarali, Mufindi, Makete au Ludewa, na shule yenu bado inatumia jengo lililosimamishwa kwa nguvu za wananchi miaka ya sabini, mwongozo huu ni wako. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijiji vilijenga madarasa kwa kasi ili kila mtoto aanze shule. Wazee wetu walifyatua matofali, wakayachoma, wakayapanga kwa udongo, wakaezeka. Kazi ile ilisomesha nchi. Lakini majengo yale sasa yana karibu miaka 50, na mengi yalijengwa bila mtu yeyote kuwaza kwamba ardhi inaweza kutikisika.

Huku kwetu inatikisika. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: la magharibi linalopita Ziwa Tanganyika na Rukwa, la mashariki linaloshuka upande wa Usangu, na linaloendelea kusini hadi Ziwa Nyasa. Milima Rungwe, Ngozi na Kyejo ni volkano zilizozaliwa na mpasuko huohuo. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, moja ya makubwa kabisa kurekodiwa Afrika katika karne iliyopita. Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko ulibomoa nyumba nyingi Karonga, ng'ambo tu ya mpaka ukitokea Kyela. Kisha likaja la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa na kujengwa upya. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Ingekuwa Jumatatu asubuhi, tungezungumzia jambo jingine kabisa. Na tukilinganisha nguvu iliyoachiwa ardhini, lile la Rukwa lilikuwa zaidi ya mara 100 ya lile la Kagera.

Nitasema mapema ninachokiamini, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatokana nacho: usalama wa darasa uko kwenye viungo. Kona na kona, ukuta na nguzo, nguzo na mkanda wa juu, mkanda na paa. Tetemeko huvuta vipande vya jengo pande tofauti, na jengo ambalo vipande vyake havikufungwa pamoja huachana. Kufunga vipande hivyo kunahitaji nondo na saruji kiasi kidogo ukilinganisha na gharama ya jengo zima, na kunahitaji mtu wa kusimama pale siku ya kazi na kuangalia. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Hatua ya 1: Likagueni jengo mlilonalo

Msisubiri mhandisi ndipo muanze. Chukueni daftari, simu yenye kamera, futi kamba, timazi na msumari wa inchi nne, mzunguke jengo lote nje na ndani, mchana kweupe.

Anzeni na kiungo kati ya tofali na tofali. Chokoeni kwa msumari mahali ambapo lipu imebanduka. Msumari ukiingia kwa urahisi na unga mwekundu ukamwagika, matofali yamepangwa kwa udongo mtupu. Hata kama juu yake kuna lipu ya saruji na rangi nzuri ya halmashauri, ukuta huo wakati wa tetemeko ni rundo la matofali yaliyobebana tu. Fanyeni hivyo sehemu kadhaa, hasa chini karibu na jamvi, kwa sababu mvua ya miaka yote hurukia pale na kula udongo.

Kisha nyufa. Si kila ufa ni hatari. Vinywele vinavyotambaa juu ya lipu ni lipu kusinyaa. Ufa unaostahili hofu ni ule unaopita kwenye tofali lenyewe, ule unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari, ule wa msalaba kati ya dirisha na dirisha, na mbaya kuliko yote, ule wa wima kwenye kona ya jengo. Ufa wa kona maana yake kuta mbili zimeanza kuachana. Kujua kama bado unatembea, pakeni kibandiko chembamba cha saruji juu yake, kipana kama kiganja, na mwandike tarehe. Kikipasuka ndani ya miezi michache, jengo linaendelea kuhama.

Inueni macho juu ya ukuta. Je, kuna mkanda wa zege unaozunguka jengo lote bila kukatika? Majengo mengi ya zamani yana linta fupi juu ya kila dirisha na mlango peke yake, nyingine za mbao, na baada ya hapo ni matofali hadi kwenye kenchi. Andikeni hilo kwa herufi kubwa, maana ndilo jambo la kwanza mhandisi atakalotaka kujua.

Angalieni gebo, ile pembetatu ya tofali kwenye ncha za jengo. Haijashikwa na kitu pembeni, imesimama juu kabisa mahali mtikiso unapokuwa mkubwa, na chini yake mara nyingi kuna mlango. Ning'inizeni timazi kwenye kuta ndefu muone kama zimetoka nje. Pandeni darini mkague kenchi kama mchwa wameingia na kama zimefungwa ukutani au zimekaa tu kwa uzito wake. Mwisho chimbeni shimo dogo pembeni mwa ukuta muone msingi umeshuka kiasi gani na umekaa juu ya nini.

Paa likiwa la vigae vya kijivu vya mawimbi badala ya bati, kuna uwezekano ni asbesto. Msivigonge, msivikate, msipande juu. Nitalirudia hilo kwenye kubomoa.

Pigeni picha kila mlichokiona, mkiweka rula au kalamu kando ya ufa ili ukubwa uonekane.

Hatua ya 2: Muiteni mhandisi wa halmashauri, kisha amueni

Barua ya mwalimu mkuu, ikiwa na picha zenu na muhtasari wa kikao cha kamati, ipitie kwa mtendaji wa kata iende kwa mkurugenzi, nakala kwa afisa elimu na mhandisi. Barua yenye picha na tarehe hujibiwa upesi kuliko malalamiko ya mdomo. Diwani naye apewe nakala ili swali liulizwe kwenye baraza. Mkiwa karibu na Jiji la Mbeya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Iyunga kinafundisha uhandisi wa ujenzi; si vibaya halmashauri ikiomba msaada wa wataalamu wake.

Swali kubwa hapa ni kukarabati au kubomoa. Jengo la matofali yaliyopangwa kwa saruji, lenye msingi mzuri na kuta zilizonyooka, linaweza kuimarishwa: kuongezewa mkanda wa zege juu, gebo kushushwa na kuwekwa bati, kenchi kufungwa. Hiyo ni kazi ya heshima na huokoa fedha. Lakini jengo la tofali na udongo, lenye nyufa za kona na lisilo na mkanda, mimi sishauri kulitia viraka. Saruji mpya haiwezi kushikana na udongo wa zamani, na lipu mpya huficha hatari ambayo jana ilikuwa inaonekana. Nawasihi mkatae lile wazo la "tupake rangi kwanza, bajeti ikija tutaona".

Mhandisi akishasema jengo ni hatari, aandike. Na siku hiyohiyo watoto watoke. Msisubiri mwisho wa muhula.

Hatua ya 3: Karatasi

Jengo la umma halibomolewi kwa uamuzi wa mkutano wa kijiji peke yake. Mnahitaji idhini ya maandishi ya halmashauri, na jengo lifutwe kwenye daftari la mali. Mkijenga kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, undeni kamati tatu zinazotakiwa: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Jitahidini kwenye kamati ya mapokezi awemo mtu anayejua kusoma futi na mizani, na akina mama wawemo kwa idadi inayoweza kupiga kura na kushinda.

Hatua ya 4: Ratiba, na watoto wakae wapi

Nyanda za Juu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Tukuyu huendelea zaidi. Kwa hiyo panga hivi: makaratasi na fedha vikamilike kabla ya Mei, kubomoa na msingi Juni, kuta na mikanda Julai hadi Septemba, paa liwe limefungwa Oktoba. Mkianza kuchimba msingi Oktoba, mtamwaga zege kwenye matope.

Wakati huo madarasa machache yaliyobaki yafanye zamu ya asubuhi na ya mchana, au muombe ukumbi wa kanisa, msikiti au ofisi ya kijiji. Kabla ya kuwahamisha watoto, kagueni jengo hilo la kuazima kwa utaratibu uleule wa Hatua ya 1. Kuwatoa kwenye ufa na kuwaingiza kwenye ufa mwingine si kuwaokoa.

Hatua ya 5: Kubomoa

Zungushieni uzio wa mianzi au bati, mbali na ukuta kwa umbali usiopungua kimo cha ukuta wenyewe mara moja na nusu. Kateni umeme kwanza. Kazi ianze juu kwenda chini: mabati, kenchi, gebo, ndipo kuta, safu kwa safu. Kuchimba ukuta chini ili uanguke wenyewe kumewahi kuua watu, na kazi hiyo hufanywa zaidi na vijana wa kujitolea ambao hakuna aliyewaelekeza. Wanafunzi wasishiriki kabisa, hata kubeba matofali, hadi kuta zote ziwe chini.

Kama paa ni la asbesto, lilowesheni maji, fungueni misumari bila kuvunja kigae, fungeni kwenye nailoni nzito, na muwasiliane na halmashauri na NEMC (baraza la taifa la mazingira) kuhusu mahali pa kuzika. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na madhara huja baada ya miaka mingi. Asipewe mtu akaezekee banda la mbuzi.

Matofali ya zamani yanafaa kwa jamvi la baraza, njia na bustani. Msiyarudishe kwenye kuta za darasa jipya. Yameshachoka na yamebeba udongo usioshika saruji.

Hatua ya 6: Eneo

Msifikiri lazima jengo jipya likae alama ya lile la zamani. Tembeeni eneo lote la shule. Chini ya mteremko mkali si mahali pa darasa: Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba kata ya Itezi, Mbeya, na hapo ni mvua tu ilifanya kazi, bila tetemeko. Ukingo wa korongo pia hapana.

Udongo nao una tabia zake. Uwanda wa Kyela na Usangu una udongo laini uliolundikwa na maji, na udongo wa namna hiyo hukuza mtikiso, hivyo jengo linatikisika zaidi kuliko lililokaa juu ya mwamba kilomita chache kando. Rungwe kuna majivu ya volkano mepesi yanayolegea yakilowa. Chimbeni mashimo mawili matatu ya majaribio, mhandisi aone tabaka kabla ya kuchora msingi.

Kosa linalojirudia kwenye shule za milimani ni kukata mteremko na kujaza udongo mbele ili kupata uwanja, kisha jengo likawekwa nusu juu ya ardhi asilia na nusu juu ya kifusi. Sehemu ya kifusi itazama, hata bila tetemeko. Jengo zima likae juu ya ardhi iliyokatwa, na kifusi kiwe uwanja wa kuchezea. Ukuta wa kuzuia udongo nyuma yake ujitegemee, usishikane na ukuta wa darasa.

Hatua ya 7: Ramani, na maswali ya kumuuliza mhandisi

Ramani za madarasa hutoka TAMISEMI, nanyi hamna ruhusa ya kuzibadilisha kwa mdomo. Mna ruhusa ya kuuliza, na mhandisi ana uwezo wa kuongeza michoro ya uimarishaji kwa sahihi yake. Ulizeni haya.

Je, umbo ni mstatili mnyoofu? Jengo la umbo la L hujipinda wakati wa tetemeko na kupasuka pale mabawa yanapokutana. Kama mnataka ua, jengeni majengo mawili yanayotazamana yenye nafasi kati yao. Na mstari wa madarasa manne au matano usiwe jengo moja refu; ukatwe na kila kipande kisimame chenyewe.

Je, kuna nguzo za zege kila kona, kila mahali kuta mbili zinapokutana, na katikati ya ukuta mrefu? Ukuta wa darasa wenye mita 8 au 9 usiachwe bila nguzo katikati. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi mita 4 hadi 4.5.

Je, mikanda ni mitatu? Mmoja juu ya msingi, mmoja kwenye usawa wa linta, mmoja juu kabisa unapokaa mtambaapanya. Ukilazimika kuchagua, wa juu na wa chini usiguswe kabisa. Mkanda wa juu hushika kuta zote nne kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Ukikatika sehemu moja, haukamati tena. Kwa hiyo usikatwe popote, hata kupitisha bomba.

Je, madirisha yako mbali na kona, angalau nusu mita au zaidi, na jumla ya upana wake haizidi nusu ya urefu wa ukuta? Tunapenda mwanga, na Makete baridi hutufanya tutake jua. Lakini ukuta uliotobolewa kila mahali hauna kitu cha kubeba mtikiso.

Je, kila darasa lina milango miwili inayofunguka nje? Na rampu kwa mtoto wa kiti cha magurudumu?

Je, gebo ni ya bati au mbao badala ya tofali? Paa la migongo minne ni bora zaidi, maana halina gebo. Gharama ya kenchi huongezeka kidogo, mimi ningelipa.

Hatua ya 8: Vifaa

Nondo ziletwe na mizani iwepo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa na kilo 10.6 hivi, ya milimita 10, kilo 7.4, ya milimita 16, karibu kilo 19. Mkipima mkakuta ile ya 12 inasoma kilo 9, mmeuziwa nondo nyembamba, irudi dukani kabla dereva hajashusha. Pimeni tano kwa pamoja mpate wastani. Hii ndiyo dakika kumi yenye faida kubwa kuliko zote katika mradi mzima.

Saruji iangaliwe alama ya TBS na tarehe, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu. Mfuko wenye mabonge magumu usiingie kwenye nguzo wala mkanda. Kwa zege la nguzo na mikanda ombeni daraja la 42.5.

Mchanga upimwe kwa chupa. Jazeni nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, acheni usiku kucha. Tabaka la tope juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshwe au utafutwe mwingine. Kokoto ziwe za jiwe gumu. Rungwe na Mbeya Vijijini kuna jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, kiasi cha kuelea majini. Halifai kabisa kwa nguzo na mikanda hata kama lori lake ni bei rahisi.

Tofali la kuchoma zuri hulia ukiligonganisha na jingine, na likidondoshwa kutoka usawa wa kifua juu ya ardhi ya kawaida halivunjiki. Lile jekundu hafifu la pembeni mwa tanuri likae nje ya ukuta. Kabla ya kujenga, lilowekwe maji. Tofali kavu hunyonya maji ya saruji na kuacha unga.

Hatua ya 9: Siku ambazo ni lazima mtu asimame pale

Machi 1933 tetemeko lilipiga Long Beach, California, jioni, watoto wakiwa wameshatoka. Majengo ya shule kama 70 yaliharibiwa kabisa. Mwezi mmoja baadaye jimbo lilipitisha sheria, na kiini chake hakikuwa ramani nzuri peke yake: ililazimisha mkaguzi awepo kazini wakati shule inajengwa. Sheria hiyo ingali inatumika. Sisi hatuwezi kumweka mhandisi wa halmashauri kwenye kila shule kila siku, kwani ana kata nyingi na gari moja. Lakini kamati inaweza kupanga zamu kwa siku chache zenye uzito. Siku ya kupanga matofali ya kawaida si lazima. Siku hizi ni lazima.

Siku ya nondo kufungwa, kabla zege halijamwagwa. Hapa ndipo darasa linapopona au linapokufa. Kila nguzo iwe na nondo nne. Ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo, ziwe kila sentimita 15 hadi 20, na karibu na msingi na karibu na mkanda wa juu zikaribiane hadi sentimita 10. Ncha za kila ringi zikunjwe kuingia ndani ya nguzo, zisiishie kwenye kona ya mraba. Mtikiso hufungua ringi za kona ya mraba, na nguzo ikishafunguka haina nguvu. Fundi anaweza kukuambia, "Mwenyekiti, ringi za hivi ndizo tunazofunga siku zote." Mjibu kwa heshima, "Najua fundi, na kazi yako naiamini, ila hili jengo ni la watoto na mhandisi kachora hivi." Kisha msiondoke hadi zikunjwe.

Kwenye kona za mikanda, nondo za ukuta mmoja zipinde na kuingia kwenye ukuta wa pili kwa angalau nusu mita. Nimesema zipinde, nondo mbili zinazokutana kona na kuishia pale hazijafunga kitu. Mahali nondo inapoungwa na nondo, zipishane sentimita 60 kwa ile ya milimita 12. Nondo ya nguzo ianzie ndani ya msingi na iishie ndani ya mkanda wa juu, imepindwa. Na vipande vya zege viwekwe chini na pembeni ili nondo isiguse ubao, sentimita 2.5 za zege kuizunguka, na kwenye msingi zaidi.

Siku ya kupandisha ukuta kwenye nguzo. Njia iliyothibitika kwa majengo ya tofali kwenye nchi zenye matetemeko ni ukuta kwanza, nguzo baadaye. Fundi hupandisha ukuta akiacha meno mwishoni, tofali moja likitoka na jingine likiingia, nondo za nguzo zikiwa zimesimama tayari. Kisha ubao huwekwa pande mbili tu na zege humwagwa likaingia kwenye meno. Ukuta na nguzo huwa kitu kimoja. Wengi wamezoea kumwaga nguzo kwanza na kujaza tofali baadaye, na kati yake hubaki mstari mnyoofu ambao tetemeko hupita humo. Mhandisi akiidhinisha njia ya meno, ishikeni.

Siku ya zege. Tengenezeni boksi la mbao la lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kwa nguzo na mikanda napendelea mfuko mmoja, mchanga boksi moja na nusu, kokoto boksi tatu. Koleo si kipimo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, yaani ndoo moja na robo, na mchanga ukiwa umelowa yapungue. Hapa vijana hupenda kuongeza maji ili zege lishuke kirahisi. Kila lita ya ziada inaondoa nguvu. Likiwa gumu kushuka, lisindikwe kwa vibreta au kwa fimbo ya nondo. Na likishakaa zaidi ya saa moja kwenye toroli, lisichanganywe upya kwa maji; litupwe. Chukueni sampuli za zege kwenye boksi za chuma zipelekwe maabara ya TANROADS mkoani, zipimwe siku ya 7 na ya 28.

Siku saba baada ya hapo. Zege halikauki tu, linapika, na linapika kwa maji. Funikeni kwa magunia na mmwagilie asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wa Julai Njombe na Makete usiku huwa baridi kali, na zege hupata nguvu polepole. Ongezeni siku zifike kumi hadi kumi na nne, msimwage jioni, na msiondoe mbao chini ya linta mapema. Wekeni jina la mtu kwenye zamu ya kumwagilia, likabandikwe ukutani ofisini.

Hatua ya 10: Paa na vya ndani

Bati ni rafiki yetu kwa tetemeko, kwa sababu ni jepesi. Kila kenchi ifungwe kwenye mkanda kwa bendi ya chuma au nondo iliyoachwa wakati wa kumwaga, maana upepo wa Kitulo na mtikiso wote huinua. Nguzo za baraza zishikane na jengo juu na chini.

Ndani, makabati ya vitabu yafungwe ukutani kwa skrubu, na ubao mzito usining'inizwe juu ya kichwa cha mtu. Madawati yaache njia mbili hadi milangoni.

Hatua ya 11: Makabidhiano na mazoezi

Kamati ya mapokezi isisaini kwa sababu mgeni rasmi anakuja kesho. Majibu ya maabara yawepo, na mzunguko wa ukaguzi ufanywe na mhandisi mbele yenu. Baada ya masika ya kwanza rudieni ukaguzi. Maji yakiwa yamechimba pembeni mwa msingi, tengenezeni mfereji mara moja.

Fanyeni zoezi la tetemeko kila muhula. Madawati yetu mengi yameunganishwa na benchi na mtoto hatoshi chini yake, kwa hiyo wafundisheni kuinama kando ya dawati, mbali na dirisha, mikono ikifunika kichwa na shingo. Mtikiso ukiisha, mwalimu anatoa amri, wanatoka kwa milango yote miwili hadi uwanjani, na wanahesabiwa kwa daftari la mahudhurio. Kukimbia wakati ardhi inatikisika huleta mkanyagano mlangoni.

Ramani, picha za nondo kabla ya zege, risiti za uzito na majibu ya maabara viwekwe nakala tatu: ofisi ya mwalimu mkuu, ofisi ya kijiji, na kwa mhandisi wa halmashauri. Atakayetaka kuongeza dirisha au kutoboa mkanda miaka 20 ijayo, aanze kwa kulifungua faili hilo.